Jiko la makuti lisishike moto

Banda langu la kupikia hapa Bagamoyo liliteketea kwa cheche moja ya kifuu. Nilipojenga upya makuti sikuyaacha, maana bati tupu mchana ni tanuri. Ila juu ya mafiga nimeezeka bati, hatua mbili kila upande.

Ukuta wa miti ukandike udongo ndani na nje, kisha upige lipu ya chokaa na mchanga. Mti usichungulie popote. Kila baada ya masika nazunguka nikiziba nyufa.

Nyuma ya mafiga simamisha kipande cha bati, lakini usikigongomee kwenye nguzo: bati hupitisha joto. Kitenganishe kwa vipande vya tofali, uache uwazi wa inchi moja hewa ipite. Ndoo ya mchanga ikae mlangoni.