Ukizamia pweza, usiheme mbiombio kwanza

Vijana mnaozamia pweza Mikindani na Msimbati, ule mtindo wa kuhema mbiombio mara 20 kabla ya kuzama acheni. Hauongezi oksijeni ya maana; damu ilishajaa, asilimia 97 hivi. Unachofanya ni kuifukuza hewa ya ukaa, na hiyo ndiyo hasa inayokulazimisha uvute pumzi. Ikipungua, damu inapungukiwa asidi, pH (kipimo cha asidi, hupanda asidi ikipungua) inapita kiwango cha kawaida cha 7.45, vidole vinaanza ganzi (wengine husema ni baridi ya maji, wapi!). Kule chini husikii hamu ya hewa, oksijeni inaisha kimyakimya, unazimia na pweza mkononi. Vuta pumzi mbili tatu za taratibu, basi, na mwenzako abaki juu anakutazama.