Fua chandarua bila kuua dawa yake
Joto la Dar hufanya vyandarua vichafuke haraka, na wengi huvifua kwa jiki kisha kuvianika juani. Hapo ndipo dawa inapokwisha. Chandarua chenye dawa kifue kila baada ya miezi mitatu hivi, kwa maji baridi na sabuni ya mche, bila kuloweka wala kusugua kwa nguvu, kisha kianike kivulini. Jua kali na jiki huharibu dawa iliyomo kwenye nyuzi. Maji yake mwaga chooni, tafadhali si mtaroni, maana huua samaki. Palipochanika shona kabla ya kukitundika. Ukilala mkono umegusa wavu, mbu anaweza kukuuma kupitia hapo, hasa dawa ikishapungua. Na ukikaa barazani jioni, chandarua hakikusaidii.