SOMO: Jinsi ya kusoma odi za Kimarekani (manilaini), zile za -150 na +130

Wakuu, wengi mnaobeti NBA mkikutana na -150 na +130 mnachanganyikiwa mnarudi zenu kwenye mechi za England. Hiyo ni manilaini tu, unachagua nani anashinda basi, hakuna handikapu (timu kuongezewa au kupunguziwa pointi) wala jumla ya pointi.

1. Angalia alama. Yenye kutoa ndio timu inayopewa nafasi, na ile namba ni dau la kuweka ili ule faida ya 100. Kwahiyo -150 unaweka 150, ikitiki inarudi 250. Yenye kujumlisha ni kinyume chake, unaweka 100 faida 130. Sio lazima iwe dola, weka 15,000 kwenye -150 faida yako 10,000.

2. Igeuze iwe odi zetu tulizozoea. 100 gawa kwa 150 jumlisha 1, unapata 1.67. Ile ya +130 unagawa 130 kwa 100 unajumlisha 1, ni 2.30.

3. Hapa ndio penyewe na watu wanaparuka. Tafuta asilimia ya kila timu kushinda kwa hizo odi: 150 gawa kwa 250 ni 60%, 100 gawa kwa 230 ni 43.5%. Jumlisha, 103.5%! Sasa mechi gani ina zaidi ya 100? Hicho kilichozidi ndio ulaji wa kampuni, umeshawekwa humo hata mpira haujarushwa, na ukiunga mechi tano kwenye mkeka mmoja makato yanazidishana, ndio maana mikeka mirefu wanaipigia debe na mabonasi kibao.

MASWALI

– Mkuu kwahiyo plasi kubwa ndio tamu?
Inalipa sana, kuja ni habari nyingine. Tokyo 1990 bondia Buster Douglas alipewa 42 kwa 1, yaani +4200, akamdondosha Mike Tyson raundi ya 10. Hiyo ndio inasimuliwa, zilizochanika hazisimuliwi.

– Ovataimu inahesabika?
NBA ndio, kikapu hakuna sare. Soka kawaida ni dakika 90 na zile za majeruhi, sare ina odi yake, kwahiyo timu yako ikitoa sare umechana.

– Nimeona zote mbili -110, hapo vipi?
Kampuni inaona timu zote zina nafasi sawa ya kushinda.

– Basi nikipatia nusu nikikosa nusu narudisha hela yangu?
Hurudishi. Beti kumi za 110 kwenye hizo -110, tano zikitiki faida 500, tano zikichanika umepoteza 550.