Alien 3 ilikuvunja moyo? Namna ya kuitazama upya

Watu walioingia sinema Mei 1992 kutazama Alien 3, filamu ya tatu ya mfululizo wa kutisha wa viumbe wa angani, walikuwa wamesubiri miaka sita. Aliens, filamu ya James Cameron ya 1986, ilikuwa imewaacha na furaha: shujaa Ripley (Sigourney Weaver) amemwokoa mtoto Newt, askari Hicks amejeruhiwa lakini yu hai, roboti Bishop amebaki kipande lakini anaongea, na wote wamelala usingizi mzito kwenye meli ya Sulaco kurudi nyumbani. Alien 3 inawaua Newt na Hicks hadithi ikiwa haijaanza. Hawapigani, hawaagani. Chombo cha dharura kinaanguka kwenye sayari ya wafungwa, na Ripley peke yake ndiye anayetoka hai.

Hasira ya mashabiki juu ya filamu hii ina mizizi miwili, na watu wengi huichanganya. Mmoja ni uamuzi wa hadithi, yaani hivyo vifo. Wa pili ni uhariri, kwa sababu filamu iliyofika kumbini ilikuwa imekatwa vibaya mpaka matukio ya katikati hayashikani. Huu wa pili una dawa. Wa kwanza hauna, na ukiitafuta dawa yake ndani ya Alien 3 utaumia tena. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kujua unaumwa na upi.

Anza kwa kujua nakala uliyo nayo

Kuna matoleo mawili. La sinema, la 1992, lina dakika 114. La pili lilitoka 2003 katika kasha la DVD za filamu zote nne, lina takriban dakika 145, na kwenye menyu huandikwa kuwa ni toleo maalumu. Mashabiki wa Kiingereza huliita Assembly Cut. Hapa tutaliita toleo refu.

Usiamini jina la faili wala jalada. Tazama urefu, ila kumbuka jambo moja linalowapoteza wengi: DVD za mfumo wa PAL, unaotumika Afrika Mashariki na Ulaya, huendesha filamu kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24. Kwa hiyo toleo la sinema litasoma kama dakika 110, na toleo refu kama 139. Hakuna kilichokatwa, ni kasi tu. Ukiagiza DVD, kanda yetu (region) ni namba 5. Blu-ray ni kanda B. Diski ya Marekani inaweza kukataa kwenye mashine yako, hivyo muulize muuzaji kabla hujalipa.

Kama huna njia ya kuona urefu, tumia kipimo cha mnyama. Tazama nusu saa ya mwanzo. Ukiona mbwa wa mfungwa akiwa ndiye anayembeba kiumbe tumboni, hilo ni toleo la sinema. Ukiona maksai wakikivuta chombo kutoka baharini, na mmoja wao akafa bila sababu inayojulikana, una toleo refu. Kipimo hiki hakikosei.

Weka nafasi kati ya filamu ya pili na ya tatu

Kosa kubwa kuliko yote ni kuzitazama mbili hizi usiku mmoja. Aliens inamaliza ikiwa imekufanya umpende Newt, kisha baada ya dakika chache unaona maiti yake. Hakuna filamu inayoweza kupona kwa mtazamaji aliye katika hali hiyo. Acha angalau wiki moja.

Aliens yenyewe itazame katika toleo lake refu la dakika 154, si lile la 137. Ndani yake kuna tukio fupi ambalo Ripley, aliyelala miaka 57 angani, anaambiwa kwamba binti yake Amanda amezeeka na kufariki akiwa na miaka 66. Ni tukio dogo lakini linabadilisha kila kitu: Newt anakuwa mtoto wa pili ambaye Ripley anampata baada ya kumpoteza wa kwanza. Ndiyo, kifo chake kitauma zaidi. Lakini Alien 3 ni filamu ya mama aliyefiwa mara mbili, na bila tukio lile utaiona kama filamu ya kufukuzana kwenye makorido.

Tengeneza picha na sauti

Alien 3 ni filamu ya giza, ya rangi ya kutu na moshi. Nakala iliyobanwa mpaka megabaiti 700 itakupa vipande vya mraba mahali penye kivuli, na kivuli ndiko kiumbe anakojificha. Tafuta nakala ya Blu-ray. Kwenye runinga chagua mpangilio wa sinema, si ule wa rangi kali, na uzime ulainishaji wa mwendo (motion smoothing). Zima taa ya chumbani kabla ya kupandisha mwangaza wa skrini. Ukipandisha mwangaza kwanza, weusi utageuka kijivu na filamu itaonekana chafu.

Washa maandishi ya chini. Wafungwa wengi wanaongea Kiingereza cha Uingereza kwa haraka, na toleo refu la DVD ya 2003 lina sehemu zenye sauti hafifu ya palepale kwenye seti, kwa sababu matukio hayo hayakuwahi kukamilishwa. Kwa Blu-ray ya 2010 waigizaji kadhaa walirekodi upya maneno yao. Kama una uchaguzi, chukua hiyo.

Nusu saa ya kwanza

Hapa ndipo wengi huizima. Itazame polepole badala yake, na katika toleo refu. Daktari Clemens, aliyeigizwa na Charles Dance, anatembea peke yake ufukweni kwenye upepo na anamkuta Ripley amelala mchangani, mwili umechafuka. Mtazamaji anapewa muda wa kuona sayari hii ni mahali pa namna gani: kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi, wanaume wachache walionyolewa vichwa kwa sababu ya chawa, na hakuna silaha hata moja.

Kisha linakuja tukio la kupasua maiti ya Newt. Ripley anadai ni kwa hofu ya kipindupindu. Clemens anajua ni uongo, anakubali hata hivyo. Tazama uso wa Sigourney Weaver pale, maana kifo kilichotokea nje ya macho yetu kinalipwa hapo. Baada yake ni mazishi kwenye tanuru. Msimamizi Andrews anasoma maneno ya kiofisi, kisha mfungwa Dillon anajitokeza na kuhubiri kwa moyo, na miili miwili inashushwa motoni. Wakati huohuo, machinjioni, mzoga wa maksai unaanza kutikisika. Kifo na kuzaliwa vinapishana picha kwa picha. Hiki ni kipande bora kabisa cha mwongozaji David Fincher katika filamu hii, yake ya kwanza ya sinema, na mtu aliyeizima kwa hasira hakukiona.

Ukiwachanganya wanaume wenye vipara, huna kosa. Ni udhaifu halisi wa filamu. Shika wanne tu: Dillon ana miwani midogo na ndiye kiongozi wa dini, Clemens ni daktari, Aaron ni msaidizi wa Andrews wanayemwita 85, na Golic ndiye mwenye kichaa. Wengine watakufa kabla hujahitaji majina yao.

Katikati: pale toleo la sinema linapovunjika

Fanya jaribio hili kama una matoleo yote mawili. Tazama la sinema mpaka Clemens anapouawa. Golic yupo kitandani palepale, anaona kila kitu. Sasa endelea na umtafute. Hayupo tena, ametoweka kwenye filamu bila neno. Mtazamaji wa 1992 hakuweza kutaja kilichokosekana, ila alihisi kuna shimo.

Toleo refu linalijaza shimo hilo. Wafungwa wanajaribu kumchoma kiumbe, moto unalipuka kabla ya wakati, wengi wanakufa, lakini hatimaye wanafanikiwa kumfungia kwenye chumba cha taka za nyuklia baada ya mfungwa Junior kujitoa awe chambo. Wameshinda. Kisha Golic, anayemwona kiumbe kama joka takatifu, anamshawishi mfungwa mwenzake Morse amfungue, anamuua mlinzi na kufungua mlango. Bila sehemu hii, kazi yote ya wafungwa inaonekana ya kubahatisha. Ukiwa nayo, ni ushindi ulioharibiwa na mmoja wao.

Kuna jambo jingine linalopona hapa. Katika toleo la sinema kuna kirukia-uso mmoja (kiumbe mdogo anayeng'ang'ania uso na kupandikiza kitoto mwilini) lakini walioambukizwa ni wawili, Ripley na mbwa. Toleo refu linaonyesha mzoga wa kirukia-uso mkubwa tofauti na wale wa kawaida, jambo linalowapa mashabiki maelezo ya kwamba huyo alibeba mimba mbili. Lakini swali la yai lilifikaje Sulaco halijibiwi na toleo lolote. Usipoteze usiku wako ukilitafuta.

Yasiyopona mengine: kufukuzana kwa mwisho kwenye makorido bado hakueleweki nani yuko wapi, na kiumbe anayekimbia, kikaragosi kilichopigwa picha peke yake kisha kuunganishwa, anaonekana amebandikwa juu ya picha kwa sababu mwanga wake haulingani na wa chumba.

Mwisho wa filamu ulinganishe wewe mwenyewe. La sinema linaonyesha kitoto kikitoboa kifua cha Ripley anapoanguka tanuruni, naye anakikumbatia. Katika toleo refu anaanguka tu, mikono wazi. La pili ni bora, kwa sababu uamuzi unabaki wake mpaka mwisho.

Kabla hujamlaumu mtu

Tangazo la kwanza la studio lilidokeza kwamba viumbe wangefika Duniani. Hawakufika. Mashabiki walikuwa wameahidiwa filamu nyingine. Mwandishi William Gibson aliandika mswada, Eric Red na David Twohy wakaandika yao, Renny Harlin akaja kuongoza akaondoka, Vincent Ward akaleta sayari ya mbao yenye watawa, naye akaondoka. Fincher alipoanza kupiga picha katika studio za Pinewood, Uingereza, Januari 1991, mswada haukuwa umekamilika. Mpiga picha Jordan Cronenweth alilazimika kuacha kwa sababu ya ugonjwa wa Parkinson, na Alex Thomson akachukua nafasi yake.

Kwa hiyo usiliite toleo refu kuwa la mwongozaji. Fincher alikataa kushiriki 2003, na amesema hadharani kwamba hakuna anayeichukia filamu hii kuliko yeye. Ukitaka kuona ugomvi ulivyokuwa, tafuta makala ya video ya utengenezaji iliyo kwenye Blu-ray ya 2010. Ile ya DVD ilikatwa sehemu.

Kama bado inauma

Umetazama toleo refu, picha safi, baada ya wiki ya kupumzika, na bado huwezi kukubali vifo vya Newt na Hicks. Basi tatizo lako ni la hadithi, na una haki nalo. Usihamie filamu ya nne, Alien Resurrection ya 1997, ukitumaini itarekebisha, maana inajenga juu ya yaliyotokea hapa. Mradi wa mwongozaji Neill Blomkamp wa 2015, uliotaka kumrudisha Hicks, haukutengenezwa.

Sikiliza mswada wa Gibson. Ulitolewa 2019 kama mchezo wa sauti na Audible, kampuni ya vitabu vya sauti, na upo pia kama katuni ya wachapishaji Dark Horse. Humo Ripley amepoteza fahamu kwa sehemu kubwa, Newt anabaki hai, na wanaobeba hadithi ni Hicks na Bishop, kwa sauti za Michael Biehn na Lance Henriksen wenyewe. Tumia spika za masikioni, taa ikiwa imezimwa.