Jinsi ya kuchagua albamu yako ya Genesis: wiki sita, daftari moja na spika mbili zinazofanya kazi

Genesis, bendi ya rock ya Uingereza, ilitoa albamu 15 za studio kati ya 1969 na 1997. Anayetaka kuchagua moja na kuiita yake hukwama mapema, kwa sababu hii ni kama bendi tatu zilizorithiana jina. Ya kwanza ni ya Peter Gabriel, mwimbaji na mpiga filimbi, aliyeondoka 1975. Ya pili ni ya wanne waliobaki, Phil Collins akitoka kwenye ngoma kuja kuimba, mpaka mpiga gitaa Steve Hackett alipojitoa 1977. Ya tatu ni ya Collins, mpiga kinanda Tony Banks na mpiga besi na gitaa Mike Rutherford, ile ya nyimbo fupi za redio. Watu wengi kuanzia Kisumu mpaka Bungoma wanamfahamu Collins kwa nyimbo za mapenzi za usiku tu, na hawajawahi kumsikia kama mpiga ngoma. Huo ni upungufu wa kurekebishwa.

Albamu bora na albamu unayoipenda ni maswali mawili tofauti. La kwanza wengine wanaweza kukujibia. La pili halijibiwi kwa kusoma orodha za watu. Linajibiwa kwa kusikiliza albamu nzima, kwa mpangilio wake, mara kadhaa, kisha kuiacha uone kama itakurudia yenyewe.

Anza na nne tu

Ukijaza albamu zote 15 kwenye simu utaishia kuonja kila moja bila kuishiba hata moja. Chukua hizi:

Foxtrot (1972), dakika 51.
Selling England by the Pound (1973), karibu dakika 54.
A Trick of the Tail (1976), dakika 51.
Duke (1980), dakika 55.

Mbili za kwanza ni za Gabriel, ya tatu ni ya wanne, ya nne ni ya watatu. The Lamb Lies Down on Broadway (1974) tumeiacha makusudi. Ni santuri mbili, nyimbo 23, dakika 94, na hadithi yake ya kijana Rael wa New York inachosha sikio ambalo bado halijaizoea bendi. Itakuja mwishoni.

Usianze na mkusanyo wa vibao. Muziki huu umeshonwa kutoka wimbo hadi wimbo. Selling England inafungwa na kipande kifupi kinachorudisha melodi ya wimbo wa kwanza, na Duke inaishia kwa kurudia muziki ulioifungua. Aliyesikia vibao peke yake hukosa marudio hayo, na ndiyo yanayowafanya watu wengi waipende albamu.

Simu, data na spika

Kwa ubora wa kbps 160 (kipimo cha data inayotumika kila sekunde), dakika moja ya muziki hula takribani MB 1.2. Albamu zote nne, dakika 211 hivi, zitakula MB 250. Kwa kbps 320 zidisha mara mbili. Zipakue mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi, maana kusikiliza moja kwa moja kwa bando kunamaanisha kulipia albamu ileile upya kila unapoirudia, na hapa utairudia.

Kabla ya kubonyeza, zima alama ya vishale viwili vinavyopishana, ile inayochanganya nyimbo. Zima pia mpangilio unaofifisha wimbo mmoja huku ukiingiza mwingine, na washa ule wa kucheza bila pengo kama programu yako inao. Pengo la nusu sekunde kati ya wimbo wa saba na wa nane wa Selling England linakata muziki katikati ya pumzi.

Angalia kama toleo lako lina nyimbo za nyongeza mwishoni, usimame pale albamu ya asili ilipoishia: wimbo wa 6 kwa Foxtrot, wa 8 kwa Selling England na kwa Trick, wa 12 kwa Duke. Tena, mwaka 2007 na 2008 albamu hizi zilitolewa zikiwa zimechanganywa upya na fundi wa sauti Nick Davis, na sauti zake si sawa na za santuri za zamani. Toleo lolote linafaa, bora zote nne ziwe za aina moja. Ukilinganisha ya zamani na iliyochanganywa upya, utakuwa unapima kazi ya fundi badala ya muziki.

Spika za masikioni za bei ya chini zinatosha, ila zote mbili ziwe hai. Upande mmoja ukifa unapoteza kila kilichowekwa upande huo, na wakati mwingine ndiyo gitaa lote. Jaribu hivi: cheza wimbo wa kwanza wa Foxtrot, uchomoe sikio la kushoto, kisha la kulia. Kama pande zote mbili zinatoa kitu kilekile kabisa, ingia kwenye mipangilio ya ufikivu ya simu uzime sauti ya mono, ile inayounganisha pande mbili kuwa moja.

Ukitumia wufa la nyumbani, litoe kwenye kona. Kona huongeza besi, na besi ikivimba inafunika kinanda na sauti ya mwimbaji. Rudisha kitufe cha besi katikati, tenganisha spika ndogo mbili kama mita 2, ukae mbele yake kwa umbali huohuo. Spika hizo ziwe usawa wa masikio ukiwa umeketi. Zikiwekwa juu ya kabati zinapigia dari.

Saa nazo zina maana. Mvua ya alasiri ya Kakamega ikishuka kwenye mabati, utangulizi wowote wa kinanda umezama. Kisumu, karibu na Kondele, pikipiki hazitulii mpaka usiku uingie. Saa kumi na moja alfajiri au baada ya saa tatu usiku panafaa zaidi. Kwenye matatu usijaribu hata kidogo: mngurumo wa injini unameza besi, unaongeza sauti kufidia, na baada ya nusu saa sikio limechoka.

Wiki moja, albamu moja

Jumatatu isikilize yote bila kufanya lolote. Jumatano irudie ukifuata chombo kimoja tu. Ijumaa icheze ukiosha vyombo au kupiga pasi. Siku nyingine pumzika. Huna saa nzima? Ivunje kama santuri ilivyovunjika, upande A na upande B: Foxtrot, Selling England na Trick baada ya wimbo wa nne, Duke baada ya wimbo wa sita. Kila upande ni kama dakika 25, kidogo kushuka au kupanda.

Urefu wa nyimbo usikutishe. Aliyekulia kwenye rumba anajua kwamba Franco na TPOK Jazz walirekodi nyimbo za zaidi ya dakika 10, na kwamba sebene haina haraka ya kuja. Benga nayo mara nyingi ilikatwa sehemu ya 1 na ya 2 kwenye pande mbili za santuri ndogo. Uvumilivu unao tayari. Unachohitaji ni kujua cha kufuata.

Jumatano ndiyo siku ya kazi, na mfano mzuri ni Firth of Fifth, wimbo wa tatu wa Selling England. Unaanza na piano ya Banks peke yake kwa zaidi ya dakika moja. Bendi inaingia, Gabriel anaimba, kisha filimbi inaleta melodi ndogo yenye huzuni, nyepesi kama mtu anayejipigia mluzi. Weka alama hapo. Piano ya mwanzo inarudi ikiwa imevaa bendi nzima, na karibu na dakika ya sita gitaa la Hackett linaichukua melodi ileile ya filimbi, polepole, noti zikivutwa mpaka zinakaribia kukatika. Ni maneno yaleyale yakisemwa na mtu mwingine aliyepitia mengi. Asiyeitambua melodi hiyo kuwa ileile husikia solo ndefu tu.

Kisha hesabu mapigo. Nusu ya pili ya The Cinema Show, wimbo wa saba, inakwenda kwa saba. Gonga meza kwa kidole ukisema moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, bila kusimama, na urudi moja. Kiswahili kinasaidia hapa: namba hizo zote zina silabi mbili, kwa hiyo mwendo haupindi. Ukijikuta umetangulia muziki kwa pigo moja, umeongeza la nane kwa mazoea. Turn It On Again ya kwenye Duke inazunguka kwa 13. Usijaribu kutamka kumi na tatu, hesabu sita halafu saba. Katika sehemu ya sita ya Supper's Ready, kwenye Foxtrot, ngoma na besi vinashikilia tisa huku kinanda cha Banks kikitembea juu yake kana kwamba hakiwasikii. Mtu aliyewahi kumtazama mpiga nyatiti akicheza nyuzi nane kwa vidole, na pete ya chuma ya mguuni ikigonga pigo lake, hatababaika: fuata mguu kwanza, mikono baadaye.

Aliyelelewa na isukuti, ambaye anatenganisha ngoma kubwa, ya kati na ndogo bila kufikiri, aanze Jumatano yake na wimbo wa mwisho wa A Trick of the Tail. Karibu wote hauna uimbaji wa kufuata. Ni Collins na bendi, na melodi za nyimbo zilizotangulia zinapita tena kwa kasi.

Kwenye daftari andika vitu viwili tu: dakika gani uliinua kichwa, na dakika gani uliangalia saa. Alama za 1 hadi 10 hazisaidii, kwa sababu saba ya Jumatatu uliyochoka si saba ya Ijumaa.

Wiki ya tano na ya sita

Wiki ya tano usisikilize Genesis kabisa. Andika kila melodi inayokutoka mdomoni bila kuitwa, ukichota maji au ukingoja gari. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na bila hiyo albamu ya mwisho kusikilizwa hushinda kila mara kwa kuwa bado mbichi kichwani.

Wiki ya sita zipambanishe mbilimbili. Albamu nne zinatoa mapambano sita. Kila mara swali ni moja: bando limebaki la albamu moja, unapakua ipi usiku huu? Jibu kwa kalamu, upesi. Hakikisha sauti ziko usawa mmoja, maana sikio hudhani kilicho juu zaidi ndicho kizuri zaidi. Zikitoka sare, hesabu nyimbo unazotamani kuruka, na yenye chache ishinde. Wengi huangushwa hapo na The Battle of Epping Forest, dakika karibu 12 zenye maneno mengi kuliko muziki unavyoweza kubeba. Hata hivyo, kwetu Selling England haianguki. Firth of Fifth na The Cinema Show zinalipa deni hilo na kubakisha chenji.

Mkiwa kundi la watatu au wanne Jumamosi jioni, kila mtu aandike jibu lake kabla ya yeyote kufungua mdomo. Mkubwa wa umri akitangulia kusema, wadogo wataheshimu na kura itakuwa moja.

Iliyoshinda iandikie tarehe. Kisha chukua The Lamb uliyoiweka kando: usiku wa kwanza nyimbo 11 za santuri ya kwanza, ulale, usiku wa pili 12 zilizobaki, halafu uipambanishe na mshindi kwa swali lilelile la bando. Kumbuka tu kwamba hii inakula MB 113.