Maandishi madogo au yenye ukungu kwenye skrini ya 4K: anza hapa

Baadhi ya laptopu za mtumba zinazoshuka kutoka Dubai siku hizi zina skrini za 4K. Mtu ananunua hapa mjini, anakwenda nayo kazini, kisha nakuta ananisubiri mlangoni hapa Mlandege, Unguja: "Fundi, programu yangu ya hesabu siioni, macho yananiuma." Wengi huwa wameshapewa dawa na jirani: shusha rezolusheni, yaani idadi ya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha), mpaka 1366 kwa 768.

Naomba usifanye hivyo. Skrini ya 4K ina pikseli 3840 kwa upana, na 3840 haigawanyiki sawasawa kwa 1366. Kila herufi itatoka na ukungu, hata kwenye programu zilizokuwa hazina tatizo. Ikiwa huna budi kabisa, weka 1920 kwa 1080, kwa kuwa hiyo ni nusu kamili.

Tatizo lenyewe ni hili. Laptopu ya zamani ya inchi 15.6 yenye 1366 kwa 768 ina pikseli kama 100 katika kila inchi. Ya 4K yenye ukubwa uleule ina 282. Ikoni ya pikseli 16 iliyokuwa na upana wa milimita 4 sasa inabaki milimita moja na nusu hivi. Chukua rula upime uone. Mtu anayejaza vitabu vya karafuu kutwa hawezi kufanya kazi hivyo, na si haki kumwambia avumilie.

Kwanza jiulize: ni kila kitu au programu moja tu? Kama ni kila kitu, bonyeza kulia mahali patupu kwenye desktopu, ingia Display settings, tafuta Scale, chagua asilimia yenye neno Recommended. Kisha toka kwenye akaunti yako uingie tena. Hatua hiyo ya kutoka na kuingia watu huiruka, halafu wanasema haikusaidia. Programu nyingi za zamani husoma kipimo mara moja tu, wakati unapoingia.

Kama ni programu moja, itazame vizuri. Ina ukungu, au ni kali, yaani herufi zake zimekatika vizuri, lakini ndogo? Usiguse kitu kabla hujajibu, maana hizo ni kasoro mbili na kila moja ina dawa yake.

Yenye ukungu ni programu isiyojua habari za skrini zenye pikseli nyingi. Inajichora kwa kipimo cha zamani cha Windows, pikseli 96 kwa inchi, kisha Windows inaivuta picha nzima ikue. Kioo chako ni kizima, usikibadilishe. Bonyeza kulia ikoni ya programu, ingia Properties, halafu Compatibility, halafu Change high DPI settings. Weka tiki kwenye Override, kisha chagua System yenye neno Enhanced. Chaguo hilo lilikuja na Windows 10 mwaka 2017, na kwa programu za hesabu za zamani ndilo ninalojaribu mwanzo: herufi zinanyooka, ingawa picha na vitufe huenda vikabaki na ukungu kidogo.

Ndogo lakini kali ni programu iliyoiambia Windows isiikuze, na yenyewe haijikuzi. Hapo, palepale kwenye Override, chagua System ya kawaida. Itakua na itapata ukungu kidogo. Kwa mtu wa tarakimu nachagua ukungu kidogo kuliko udogo, bila kusita.

Ila kabla ya Override, tazama mipangilio ya programu yenyewe. Vijana wa ramani, ambao wameongezeka sana hapa tangu kazi ya kupiga picha visiwa vyetu kwa droni ianze mwaka 2016, huniletea QGIS, programu yao ya ramani, yenye vitufe vidogo. Ingia Settings, Options, General, ongeza Icon size na ukubwa wa herufi, uifunge uifungue tena. Wapiga picha wa harusi wenye GIMP 2.10, programu ya kurekebisha picha, waende Edit, Preferences, kisha Icon Theme chini ya Interface. Pale utaweka ukubwa wa ikoni unaoutaka.

Programu za Java, yaani zile zisizofunguka mpaka Java iwe imewekwa kwenye kompyuta, zinasumbua zaidi. Java 8 haijui kukuza kitu kwenye Windows. Uwezo huo ulikuja na Java 9, mwaka 2017. Kama programu yako inakubali Java mpya, iweke, yamekwisha. Kama haikubali, usihangaike kuitafuta Compatibility kwenye faili la jar, yaani faili la programu yenyewe, haipo. Itafute kwenye javaw.exe, ndani ya folda bin ya Java, uweke System pale.

Limebaki la projekta: Scale ya laptopu iko asilimia 250, ukutani ni 100, na dirisha ukilivuta kwenda ukutani linaharibika. Chomeka projekta kwanza, kwenye Display settings uifanye iwe skrini kuu, toka uingie tena, ndipo uifungue programu. Fanya hivyo kabla wageni hawajaingia ukumbini.