Usiifute simu ya zamani siku unayonunua mpya

Ukinunua simu mpya, iache ile ya zamani ikifanya kazi kwa wiki 2 hivi kabla ya kuifuta, kwa sababu vilivyosahaulika huonekana pale tu unapovihitaji. Picha na majina huhamishwa kwa urahisi. Kinachowaumiza wengi ni programu zinazotoa namba za siri za tarakimu 6 za kuingilia akaunti, ambazo hazihami pamoja na laini, hivyo ukihamisha laini na kuifuta simu unaweza kujikuta umefungiwa nje ya barua pepe yako mwenyewe. Zihamishe hizo kwanza, kisha jaribu kuingia kwenye kila akaunti kwa simu mpya huku ya zamani ikiwa mezani.

Kagua pia sauti ulizorekodi. Mimi nilikaribia kupoteza sauti ya marehemu bibi yangu, sekunde 40 za kunisalimu na kuniuliza kama nimekula, kwa kuwa ilikuwa ndani ya kinasa sauti cha simu, ambacho nakala rudufu haikukigusa.

Ikiwa utamgawia mtu simu ya Android, ondoa akaunti yako ya Google kabla ya kuifuta, la sivyo huenda akaombwa nywila yako. Ikiwa unaitunza kwa mapenzi tu, kama nilivyofanya, izime wakati chaji yake iko karibu asilimia 50, uiweke mahali pakavu pasipo na joto, na uitazame kila baada ya miezi michache kama betri imevimba.